Kambi chini ya daraja: kuvunja, kuruhusu, bweni au funguo?

Kila mji mkubwa wa pwani ya magharibi ya Marekani una daraja lake. Chini ya daraja kuna mahema: kumi leo, arobaini mwezi ujao. Maturubai ya bluu yamefungwa kwenye nguzo, vigari vya supamaketi vimejaa nguo, kuna mbwa, kuna baiskeli isiyo na gurudumu la mbele, na usiku kuna moto. Mwenye duka la jirani amechoka kufagia kinyesi mlangoni. Mzazi anamvusha mtoto barabara ili wasipite hapo. Diwani naye ana miezi michache kabla ya uchaguzi. Wote hao wanataka kambi iondoke. Waliomo kambini nao, ukikaa nao na kuwauliza, wengi wangependa kuondoka. Ugomvi uko kwenye namna.

Makala hii nimemwandikia mtu anayetakiwa kuchagua: diwani, mpiga kura, au jirani aliyeitwa kwenye kikao cha maoni na hataki kuropoka. Njia zilizopo mezani ni nne. Ya kwanza ni kuvunja kambi na kutoza faini. Ya pili ni kuiruhusu, lakini mahali maalumu na kwa masharti. Ya tatu ni kuwaingiza watu kwenye mabweni au hoteli. Ya nne ni kumpa mtu funguo za nyumba kwanza, mengine yafuate. Hakuna mji unaotumia njia moja tupu. Lakini ukitazama bajeti na magari ya manispaa yanaelekea wapi asubuhi, utaona ni ipi inayobeba mzigo.

Kipimo changu ni swali moja tu, la kawaida mno hadi vikaoni husahaulika: yule mtu wa hema la tatu kutoka kushoto, leo saa nne usiku, atalala wapi? Na baada ya miezi sita?

Kuhusu ukubwa wa jambo lenyewe, hesabu ya kitaifa ya Januari 2024 ilikuta watu 771,480 wasio na makazi Marekani, ongezeko la 18% kwa mwaka mmoja na idadi kubwa kuliko zote tangu hesabu hiyo ianze. Zaidi ya theluthi moja yao walikuwa nje kabisa: barabarani, kwenye magari, kwenye mahema.

Kuvunja

Hii ndiyo njia ya haraka na ndiyo inayopendwa na kamera. Tangazo linabandikwa kwenye nguzo, siku zikiisha wanakuja polisi, wafanyakazi wa usafi wenye glavu, na lori la taka. Kufikia mchana pamesafishwa. Aliyelalamika anaona matokeo wiki hiyo hiyo, na hiyo si faida ndogo. Mtu aliyepiga simu mara ishirini bila kujibiwa ana haki ya kuona kitu kimefanyika.

Kwa miaka kadhaa majimbo ya magharibi yalikuwa yamefungwa mikono. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa ya shirikisho ya eneo hilo, katika kesi iliyotoka Boise, Idaho, iliamua kwamba mji usio na vitanda vya kutosha hauwezi kumwadhibu mtu kwa kulala nje, kwa kuwa hana pengine pa kulala. Kisha ikaja Grants Pass, mji mdogo wa Oregon wenye watu chini ya 40,000. Kule faini ya kulala bustanini ilikuwa dola 295, na usipolipa inapanda hadi dola 537. Ukikamatwa mara mbili, unaweza kupigwa marufuku kuingia bustani ile. Ukirudi, ni kosa la jinai lenye kifungo cha hadi siku 30. Tarehe 28 Juni 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji sita dhidi ya watatu, ilisema sheria za namna hiyo hazivunji katiba. Jaji Neil Gorsuch aliandika uamuzi. Jaji Sonia Sotomayor alipinga, akisema usingizi ni hitaji la mwili, si uhalifu. Haukupita mwezi, gavana wa California, Gavin Newsom, aliagiza idara za jimbo zianze kuondoa kambi kwenye ardhi ya serikali, akaihimiza miji ifanye vivyo hivyo. Tangu hapo zaidi ya miji mia moja nchini imepitisha au kukaza marufuku ya kupiga kambi.

Kwa hiyo swali la "tunaruhusiwa?" limekwisha jibiwa. Lililobaki ni kama inasaidia.

Rudi kwa mtu wa hema la tatu. Asubuhi ya kuvunjwa hakuwepo, alikuwa amekwenda kuokota makopo. Anarudi, hakuna hema. Hilo unaweza kusema atapata jingine. Lakini ndani ya hema kulikuwa na kitambulisho, cheti cha kuzaliwa alichokisubiri wiki kadhaa, dawa za kifafa, na simu iliyokuwa inachajiwa kwenye betri ya rafiki. Bila kitambulisho hapati chumba. Bila simu, ofisi ya nyumba ikimpigia kumwambia zamu yake imefika, haipokelewi, na jina linarukwa. Afisa ustawi wa jamii aliyemfuatilia miezi mitatu hajui amekwenda wapi. Mji ule ule unaomlipa afisa huyo umelipa lori lililofuta kazi yake. Mimi sijaona ofisi nyingine ya umma inayoweza kujipiga teke kwa ustadi namna hii.

Mahakama zimeliona hilo upande wa mali. Mwaka 2012, katika kesi dhidi ya jiji la Los Angeles, mahakama ya rufaa ilisema vitu vya mtu asiye na makazi vilivyoachwa kwa muda barabarani bado ni mali yake, na jiji haliwezi kuvinyakua na kuviharibu papo hapo. Ndiyo maana leo miji mingi ina maghala ya kuhifadhia mizigo. Ghala likiwa mbali na kambi, na mtu hana nauli, kinachookolewa humo ni kidogo.

Upande wa afya nao si mzuri. Mwaka 2023 jarida la JAMA lilichapisha utafiti wa kukadiria kwa kompyuta, uliohusu miji 23 ya Marekani na watu wasio na makazi wanaojidunga dawa za kulevya. Ulikadiria kwamba kuwafurusha mara kwa mara kungechangia kati ya 15% na 25% ya vifo vyao katika miaka kumi. Ni makadirio ya modeli, hakuna aliyehesabu maiti. Lakini sababu zinaeleweka: mtu aliyefukuzwa hujificha, na aliyejificha akizidiwa na dawa hakuna wa kumwamsha.

Mfano ninaourudia ni Echo Park Lake, Los Angeles. Machi 2021 kambi ya ziwani pale ilifungwa kwa polisi wengi na uzio. Jiji lilisema watu wamepewa pa kwenda, na kweli wengi walipelekwa hotelini. Mwaka mmoja baadaye watafiti wa chuo kikuu cha UCLA walifuatilia orodha ya watu 183. Waliothibitika kuwa kwenye nyumba za kudumu walikuwa 17. Bustani ilipendeza, sikatai. San Jose nayo mwaka 2014 ilifunga kambi kubwa iliyoitwa The Jungle, kando ya kijito cha Coyote, ikiwa na watu wapatao 300. Waliokosa nyumba walisogea juu na chini ya kijito hicho hicho.

Kuna kambi zinazotakiwa kufungwa hata kama huna pa kuwapeleka watu, na wanaotetea haki wakati mwingine hawapendi kulisema. Kambi iliyo kwenye mkondo wa mafuriko, au pembeni ya reli, au iliyokamatwa na wauza dawa za kulevya, haingoji mpango wa miaka mitano. Seattle nayo ilikuwa na kambi iliyoitwa The Jungle, chini ya barabara kuu. Januari 2016 watu watano walipigwa risasi mle na wawili wakafa. Aliyekuwa akiishi mle ndiye aliyekuwa hatarini zaidi, kabla ya jirani yeyote.

Na faini? Faini naiona ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Mtu asiye na dola tano hawezi kulipa 295. Deni linakaa, linakua, linaingia kwenye rekodi, na siku akipata kazi na kwenda kuomba chumba, mwenye nyumba anaangalia rekodi hiyo. Adhabu iliyowekwa ili asilale nje inakuwa sababu ya kulala nje.

Kuruhusu kwa masharti

Wazo hapa ni kwamba kama watalala nje hata hivyo, basi walale mahali penye choo, maji, taa na mlinzi. Portland, Oregon, ina mfano mkongwe. Desemba 2000 watu wachache walianza kambi iliyokuja kuitwa Dignity Village. Walihamishwa mara kadhaa, kisha wakapewa kiwanja cha lami karibu na uwanja wa ndege, jirani na mahali jiji linapoozesha majani ya miti kuwa mbolea. Hapo wapo hadi leo, kama watu sitini, kwenye vijumba vidogo walivyovijenga, wakijiongoza kwa kanuni zao: hakuna ukatili, hakuna wizi, hakuna pombe wala dawa kijijini, na kila mtu ana zamu ya kazi. Wanaolipinga jambo hili husema: tazama, cha muda kimekuwa cha kudumu. Wanaolitetea husema: tazama, miaka zaidi ya ishirini, na watu sitini kila usiku wanafunga mlango wao wenyewe. Wote wanasema kweli.

Jambo ambalo njia hii inaliweza kuliko ile ya kuvunja ni vyoo. Linaonekana dogo hadi usome yaliyotokea San Diego. Kati ya mwishoni mwa 2016 na 2018 homa ya ini aina ya A ilienea kule, hasa miongoni mwa watu wasio na makazi. Waliougua walikuwa 592, na 20 walikufa. Ugonjwa huo hupita kwenye kinyesi na mikono michafu, na katikati ya mji vyoo vya umma vinavyofunguliwa usiku vilikuwa vya kuhesabu kwa vidole. Jiji lilipoamka lilichanja watu kwa maelfu, likaweka vituo vya kunawia mikono, likaosha barabara kwa dawa. Ukiwa jirani unayepinga choo kuwekwa mtaani kwako kwa sababu "kitawavuta", fikiria wasipokuwa nacho wanakwenda wapi.

Bei ndiyo inayoshtua. Wakati wa korona San Francisco ilifungua viwanja vya kulala salama, kimoja kikiwa mbele ya ukumbi wa jiji, mahema yakipangwa ndani ya miraba iliyochorwa chini kwa rangi. Ilipofika 2021, gharama ilikuwa imefikia takriban dola 60,000 kwa hema moja kwa mwaka: walinzi saa zote, chakula mara tatu, bafu, wafanyakazi. Kwa fedha hiyo mtu angepangishiwa fleti, hata San Francisco. Tofauti ni kwamba hema linawekwa kesho asubuhi, na fleti tupu hazikuwa zimekaa zikisubiri.

Kwa hiyo ukichagua njia hii, ichague kama daraja la kuvukia tu. Bora vijumba vyenye kitasa kuliko mahema, kwa kuwa mtu anayeweza kufunga mlango anaweza kwenda kazini bila kubeba kila alichonacho. Na andika tarehe ya kufunga tangu siku ya kwanza, hata kama unajua utaisogeza.

Bweni na hoteli

New York na Los Angeles ni kama ndugu wawili waliolelewa nyumba tofauti. New York ina watu wengi zaidi wasio na makazi, lakini kambi ni chache, kwa sababu karibu wote wanalala ndani. Los Angeles, takriban theluthi mbili wako nje. Baridi ni sehemu ya sababu, lakini kubwa zaidi ni kesi moja. Mwaka 1979 mwanasheria kijana alilishtaki jiji la New York kwa niaba ya wanaume waliokuwa wakilala barabarani mtaa wa Bowery. Aliyetajwa wa kwanza kwenye kesi aliitwa Robert Callahan. Mwaka 1981 jiji lilitia saini makubaliano kwamba kila mwanaume asiye na makazi anayestahili atapewa kitanda, na baadaye wanawake na familia wakaingizwa. Callahan mwenyewe hakuyaona makubaliano hayo. Alikuwa amekufa barabarani mwaka mmoja kabla.

Haki ya kitanda basi inaondoa mahema. Inamwondoa mtu kwenye mvua, na hilo si la kubezwa. Lakini inakula fedha mwaka baada ya mwaka, na mtu anaweza kukaa bwenini muda mrefu bila kusogea hatua.

Kwingineko malalamiko ni "tuliwapa vitanda wakakataa". Hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo hoja inayowashawishi wengi wapige kura ya kuvunja. Watu wa kazi hii wana orodha fupi ya sababu za kukataa: mwenza, mbwa na mizigo. Mume na mke wanatenganishwa, mmoja bweni la wanaume, mwingine la wanawake upande wa pili wa mji. Mbwa haruhusiwi, na kwa mtu aliyepoteza kila kitu mbwa ndiye jamaa aliyebaki, tena ndiye mlinzi. Mizigo inaruhusiwa mifuko miwili. Ongeza saa ya kuingia inayogongana na zamu ya kazi ya usiku, kutolewa nje saa kumi na mbili asubuhi, wizi, na kulala futi tatu kutoka kwa mtu anayepiga kelele hadi alfajiri. Kuna pia wanaokataa kwa sababu ya dawa za kulevya au ugonjwa wa akili, na wapo wa kutosha. Lakini wape chumba chenye mlango badala ya kitanda ukumbini, na wengi waliokuwa wakisema hapana wanaanza kusema ndiyo. California iliona hivyo 2020 ilipokodi vyumba vya hoteli kwa ajili ya korona.

Los Angeles imejenga juu ya somo hilo. Desemba 2022 meya mpya, Karen Bass, alianzisha mpango wa Inside Safe: kambi nzima inazungumziwa, watu wanapewa vyumba vya moteli, kisha mahema yanaondolewa. Hesabu ya 2024 ilionyesha wanaolala nje jijini wamepungua kwa takriban 10%. Kwa mtu wa hema la tatu, swali la usiku wa leo limejibiwa vizuri. Swali la miezi sita ndipo mpango unapokwama. Moteli ni ghali, nyumba za kuwahamishia hazipatikani kwa kasi ile ile, na wapo waliorudi barabarani.

Funguo kwanza

Mwaka 1992 mwanasaikolojia Sam Tsemberis alianza New York mpango ulioonekana wa kichaa. Badala ya kumwambia mgonjwa wa akili anayelala barabarani "acha kwanza dawa za kulevya, meza vidonge, kaa bwenini miezi sita, ndipo tutakufikiria", alimpa fleti siku za mwanzo kabisa. Tiba ilikuja baadaye, kwa hiari, ikimfuata nyumbani. Ndiyo iliyokuja kuitwa Nyumba Kwanza.

Ushahidi wake ni mzito kuliko wa njia nyingine yoyote hapa, maana imepimwa kwa kura ya bahati nasibu, kama dawa. Kanada iliwaingiza kwenye jaribio watu zaidi ya 2,000 wa miji mitano, kuanzia Vancouver hadi Moncton, kati ya 2009 na 2013. Nusu ya mwisho ya mwaka wa mwisho wa ufuatiliaji, 62% ya waliopewa nyumba kwanza walikuwa ndani muda wote. Kwa waliopata huduma za kawaida ilikuwa 31%. Denver ilipima kwa watu waliokuwa wakiingia na kutoka jela. Baada ya miaka mitatu 77% ya waliopewa nyumba walikuwa bado ndani, na walikamatwa kwa kiasi cha 40% chini ya wenzao wasiopewa.

Wapinzani wana jambo, na ni lazima lisemwe. Nyumba inamtoa mtu barabarani, lakini haimwachishi dawa za kulevya. Tafiti hazionyeshi kwamba Nyumba Kwanza inapunguza ulevi au kuponya akili kuliko huduma za kawaida. Atakayekuahidi hivyo anakuuzia zaidi ya alichonacho dukani. Julai 2025 Rais Donald Trump alitia saini agizo la kuitaka serikali kuu iache kuunga mkono mtindo huo na irahisishe kuwaweka watu kwenye taasisi za tiba bila hiari yao. Miji iliyotegemea fedha za shirikisho imebaki ikihesabu upya.

Houston

Texas si mahali unapotarajia kutafutia somo hili, na ndiyo maana linanoga. Mwaka 2011 eneo la Houston lilikuwa na zaidi ya watu 8,000 wasio na makazi kwa hesabu ya usiku mmoja. Mwaka 2024 walikuwa takriban 3,300. Mameya walipokezana, Annise Parker kisha Sylvester Turner, mpango ukabaki mmoja. Mashirika zaidi ya mia moja yaliyokuwa yakigombea wafadhili wale wale yalikubali orodha moja ya majina na foleni moja. Kazi kubwa ya mwanzo ilikuwa makaratasi. Askari mstaafu asiye na makazi alikuwa akipita hatua 76 za kiofisi na kusubiri wastani wa siku 720 kabla ya kupata nyumba. Walizikata hatua hizo moja moja, na muda ukashuka hadi siku 32.

Sasa tazama wanavyofunga kambi, kwa sababu hapa ndipo Houston na Echo Park zinapoachana. Maafisa wanakwenda kambini wiki kadhaa kabla, wanaandika majina, wanatafuta vyeti vya kuzaliwa, wanazungumza na wenye nyumba binafsi wanaopokea hati za kodi, yaani hati za serikali za kumsaidia mtu kulipa pango. Mtu anatoka kambini kwenda fletini, au kituo cha muda cha kungojea fleti. Hema lake linaondolewa yeye akiwa amekwisha ondoka. Kambi ikibaki tupu, eneo linasafishwa na kuzungushiwa uzio. Lori la taka linakuja pia Houston. Linakuja la mwisho.

Na mji huo si laini. Tangu 2017 una sheria inayokataza kupiga kambi hadharani.

Kabla hujakimbilia kusema "tufanye kama Houston", angalia kodi ya nyumba. Houston ina ardhi tele, haina sheria kali za kugawa maeneo ya ujenzi kama miji mingine, na fleti tupu za bei ya wastani zinapatikana. Hati ya kodi isiyo na chumba cha kuipokea ni karatasi. Ndicho kinachoibana Los Angeles. Watu hupenda kusema kambi zinaletwa na dawa za kulevya, lakini West Virginia, ambayo kwa miaka mingi imeongoza kwa vifo vya dawa hizo, ina watu wachache wasio na makazi. Nyumba kule ni rahisi. Mlevi wa West Virginia ana chumba. Mlevi wa California ana hema. Isitoshe, sehemu ya fedha za Houston ilikuwa ya misaada ya korona, na hiyo ina mwisho.

Helsinki imekwenda hatua moja mbele ya Houston, ikajenga. Mwaka 1985 ilikuwa na vitanda vya mabweni zaidi ya 2,000. Mwaka 2016 vilibaki 52. Bweni la Jeshi la Wokovu lililokuwa na vitanda 250 liligeuzwa kuwa fleti 81, na wakazi wake wana mkataba wa kupanga na wanalipa kodi. Lakini Finland ilianza mpango huo wa kitaifa 2008, ikiwa na serikali inayojenga nyumba kila mwaka na ruzuku ya kodi kwa asiyejiweza. Ruzuku zilipokatwa, hesabu ya 2024 ilipanda baada ya miaka mingi ya kushuka.

Basi uchague ipi?

Mji wako ukiwa na vyumba vitupu na kodi ya wastani, sioni sababu ya kuhangaika na kambi rasmi wala kujenga bweni kubwa. Weka fedha kwenye hati za kodi na kwenye watu wa kutafuta vyeti, ufunge kambi moja baada ya nyingine kwa mtindo wa Houston. Mji ukiwa ghali na hauna vyumba, njia ya funguo itachukua miaka, na huwezi kumwambia mtu angoje kwenye matope. Hapo hoteli na vijumba vyenye kitasa ni halali kabisa, mradi ujenzi wa nyumba za kudumu uanze mwaka huo huo na uwe kwenye bajeti, si kwenye hotuba. Kuvunja bila pa kuwapeleka ningeziachia kambi za hatari tu: mafuriko, reli, risasi. Hata hapo, toa siku za kutosha, na uokoe vitambulisho kabla ya kuokoa kitu kingine chochote.

Mtu akija kikaoni na takwimu za mji fulani uliomaliza tatizo, muulize walihesabu vipi. Utah iliwahi kusifiwa dunia nzima kwa kupunguza watu waliokaa bila makazi muda mrefu kwa 91% ndani ya miaka kumi. Upungufu ulikuwepo, lakini sehemu ya tarakimu ile ilitokana na kubadilisha namna ya kuhesabu. Na mwenye kupendekeza kuvunja kesho, muulize ana funguo ngapi mkononi leo, au vitanda vingapi vinavyopokea mume, mke na mbwa wao.

Wapo wawili watatu ambao umewapa chumba, umewarudia mara tano, na bado wamekaa chini ya daraja. Kwao nakubali sheria ya kukataza kambi itumike, na polisi waje. Wakati huo wengine thelathini na saba wameshaondoka, afisa anayajua majina ya waliobaki, na daktari wa akili ana nafasi ya kuzungumza na mmoja mmoja.